Picha Iliyokatwa Kiunoni

Tarehe 3 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi, ingawa kwa ninavyokujua utaisoma umesimama, jicho moja kwenye karatasi na jingine kwenye mashine ya kufulia isije ikamwaga maji. Mimi ni mzima. Chumba changu ni kilekile. Mwenye nyumba amepaka mlango rangi mpya, lakini bawaba bado zinalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Mpe mama shikamoo yangu. Muulize kama mkono wa kulia umeanza kushika kikombe. Tangu kiharusi kimlaze nimekuwa nikitaka kumwuliza mwenyewe mambo mengi, ila kwenye simu maneno hunikauka.

Ndani ya bahasha kuna picha. Usiseme nimekosea bahasha. Ni mimi.

Nikueleze ilivyokuwa, lakini haya yaishie kwako. Mwaka jana, mtu mmoja ambaye faili lake lilipotea alipitisha mkono kwenye dirisha langu pale masijala, akaikamata tai yangu, akanivuta mpaka paji la uso likagonga meza. Hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba kwenye foleni kuna mtu alisema, "Mwache bwana, atakatika," na foleni nzima ikacheka. Wakaja wengine kesho yake, wakanikabidhi karatasi zao kwa upole, na mimi nikawa natetemeka kila mkono unapoingia dirishani. Bado natetemeka. Dirisha la pili anakaa mwenzangu tunayemwita Kifua. Huyo hata faili likipotea, mwenye faili ndiye anayeomba radhi.

Mbele ya ofisi, kwenye ukuta wa ghorofa, wameweka bango la mwanamume asiye na shati. Linatangaza unga wa kujenga mwili. Mkono wake mmoja ni mpana kuliko dirisha langu. Kila nikiinua macho kutoka kwenye muhuri namwona yeye, na naona kwamba mtu yule hawezi kuvutwa tai. Basi nikamfuata Kifua kwenye jimu yake, na sijaacha tangu siku hiyo.

Mwonyeshe mama picha. Alikuwa akilalamika kwamba sili. Mwambie nakula.

Mdogo wako,
Kijiti

(Nimeona vibaya kuandika jina hilo chini ya picha ile, lakini nikiandika jingine hutanijua.)


Tarehe 26 Februari

Kijiti, au nikuiteje sasa, Gogo?

Marahaba. Sisi hatujambo kwa kadiri yetu. Mkono wa mama kikombe unakishika, chai ndiyo inayokataa kukaa ndani. Jirani wa chini amepata mjukuu, analia usiku kucha, mjukuu si jirani. Mimi niko palepale kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, nakunja shuka za watu waliolala vizuri. Ukitaka kuniandikia mambo ya siri tumia anwani ya hapa kazini, kwa sababu nyumbani simu anaishika mama na barua anazifungua mama. Mkono mmoja mzima unamtosha.

Picha yako aliifungua yeye. Nilikuwa jikoni nikasikia ukelele, nikadhani ameanguka. Nikamkuta ameishika hewani, barua bado imekunjwa. "Njoo uone mwanangu!" Nikasema, "Mama, huyu ni mtu wa kwenye gazeti." Akanijibu, "Mdomo wako huo. Hili sikio si la baba yako?" Kweli, sikio ni la baba.

Akaniagiza niibandike ukutani mbele ya kitanda. Mpaka sasa kila anayepanda kuja kumjulia hali lazima aitazame kwanza ndipo apewe kiti. Swali lake ni moja tu: "Miguu yake iko wapi? Mbona mpiga picha kamkata kiunoni kama kitambaa?" Nimemwambia mpiga picha ni mchoyo.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye neno. Hospitali ya viungo imempa mama nafasi. Ni miezi mitatu ya mazoezi chini ya mtaalamu, na aliyempima amesema mguu wa kulia unaweza kuamka kama hautacheleweshwa. Nafasi inaanza Jumatatu ya tarehe 9 Juni. Asiyetokea siku ya kwanza, nafasi anapewa mwingine, na foleni yao unaijua ilivyo. Gari la hospitali litamchukua mlangoni. Lakini mlangoni ni chini, mama yuko ghorofa ya nne, lifti ilikufa kabla hujaondoka, na ngazi zetu zina kona ambayo machela haikati. Ni kubebwa mgongoni tu.

Unakumbuka wale wapagazi wawili waliompandisha alipotoka hospitali? Walimgonga begani kwenye chuma cha ngazi, na mmoja akasema, "Taratibu, kabati lina vioo." Mama hajasahau. Ameapa hatabebwa tena na mtu baki. Mimi nilipomwambia nitambeba, akanitazama, akaitazama picha, akasema: "Wewe pumzika. Mwenye mabega atanishusha."

Kwa hiyo omba likizo mapema. Njoo wiki ya kwanza ya Juni.

Dada yako


Tarehe 23 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilinifikia ikiwa na alama ya sabuni pembeni, nikajua umeiandika kazini. Nimefurahi sana kuhusu nafasi. Nimeisoma sehemu ile ya mguu wa kulia mara nyingi. Huku mvua imeanza, paa juu ya kabati la faili za zamani linavuja, na mkuu wa masijala ametugawia ndoo kana kwamba sisi ndio tulioliziba vibaya. Mzee huyu hapandishi sauti. Hukutazama tu juu ya miwani mpaka ukumbuke makosa ambayo hujayafanya.

Kuhusu likizo, nitaangalia namna ya kumwingia. Mwezi wa Juni huwa na kazi nyingi. Lakini usimwambie mama kwamba nimesema hivyo.

Nataka kuuliza mambo machache, ya kawaida tu. Je, mama amepungua mwili au ameongezeka tangu alale? Anaweza kujishika shingoni kwa mkono ule mzima, au mbebaji ndiye anayemshika kwa nguvu zote? Na ile kona ya ngazi, kuna mahali pa kupumzika, au ukianza kushuka huna budi kumaliza? Nauliza kwa sababu ni vizuri mtu kujiandaa.

Watu ofisini wamebadilika. Juzi mtu alikuja na hasira, akanitazama kifuani, akashusha pumzi na kusema, "Samahani, kaka, naweza kuulizia faili langu?" Nilitetemeka vilevile, dada. Ila yeye hakuona.

Nampa mama shikamoo nyingi.

Mdogo wako,
Kijiti


Tarehe 17 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama hajambo. Mjukuu wa jirani amepunguza kulia, sasa anakohoa. Hoteli imeleta shuka mpya, nene, zikilowa ni kama unanyanyua ng'ombe aliyekufa majini. Mgongo umekaza kidogo, nitaukanda kwa maji ya moto.

Nakujibu. Mama ameongezeka, maana mtu aliyelala huongezeka. Kujishika anaweza kidogo. Kona haina pa kupumzika, kuna ndoo ya mchanga wa kuzimia moto na baiskeli ya mtu aliyehama. Sasa nami nikuulize: mtu mwenye kifua kama kile anaulizia pa kupumzika?

Kuna jambo limetokea. Fundi bomba wa ghorofa ya pili, yule mfupi mwenye kichwa kama nazi, alikuja kurekebisha bomba letu, akasikia habari. Akasema, "Mimi nitamshusha mama. Nashusha mabeseni ya kuogea kila siku, na beseni halijishiki shingoni." Mtu wa watu yule, alisema bila kutaka chochote. Mama akamwonyesha picha yako. Akamwambia, "Asante, baba. Lakini huyu ndiye atakayenibeba. Wewe ukija kunibeba, yeye atajisikiaje?" Fundi akaitazama, akajitazama tumbo, akacheka, akaondoka na spana yake.

Nilipomwambia mama akubali tu, kwa tahadhari, endapo hutapata likizo, alikasirika. "Unamwonea ndugu yako wivu. Tangu utotoni ukimwita Kijiti."

Jina alilitunga yeye mwenyewe.

Niambie likizo imefika wapi. Usiniambie habari za mvua.

Dada yako


Tarehe 6 Mei

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Nasikitika kuhusu mgongo. Maji ya moto ni mazuri, ila usiinuke ghafla baada ya kukanda. Mimi ni mzima. Bawaba za mlango nimezitia mafuta, sasa zinalia kwa sauti nyembamba zaidi. Mpe mama shikamoo.

Nikuchekeshe kidogo. Hapa ofisini kuna kijana mmoja, si mtu unayemjua. Naye anakwenda jimu. Alitaka kujua kama anaweza kushuka ngazi na mtu mzima mgongoni, kwa sababu zake mwenyewe. Akamfuata tarishi wetu, mtu mnene, mcheshi. Wakaenda ngazi za nyuma saa ya chakula.

"Panda mgongoni," kijana akasema.

"Nimekukosea nini?"

"Panda tu, nataka kujua kitu."

"Ndugu yangu, mimi kazi yangu kubeba faili, sijaajiriwa kuwa faili."

Lakini akapanda. Kumnyanyua hakukuwa na shida. Mikono ilimshika kama chuma, hata tarishi akapiga mluzi. Kidato cha kwanza kikapita. Cha pili kikapita. Kisha mapaja yakaanza kutetemeka, kwanza polepole, halafu kama kamba ya nguo kwenye upepo. Kijana akadhani ni woga, akajikaza. Kwenye kona goti likakunjika lenyewe, bila kumuuliza. Akadaka chuma cha ngazi, na tarishi akatua kwa miguu yake mwenyewe.

Hakuumia. Alisimama akamtazama kijana kuanzia juu hadi chini, akasema, "Huku juu simba. Huku chini umesimama juu ya njiti za kiberiti. Nani aliyekujenga, kaanza na paa?"

Wakacheka wote wawili, tarishi kwa muda mrefu zaidi.

Jambo lenyewe si la ajabu ukilifikiria. Kwenye jimu yao kila mtu ananyanyua akiwa amelala au ameketi. Picha zilizobandikwa ukutani zote zimekatwa kiunoni, kama lile bango la mbele ya ofisi. Hata kioo kimetundikwa kuanzia kiunoni kwenda juu. Hakuna anayejua miguu yake imekuwaje kwa sababu hakuna anayeiona. Kijana huyo sasa amejaribu kufanyia miguu mazoezi. Mwalimu wa jimu amemwambia ni kazi ya mwaka, si ya mwezi.

Kuhusu likizo, imekuwa vigumu. Nadhani imekataliwa. Nitajaribu tena.

Mdogo wako,
Kijiti


Tarehe 20 Mei

Kijiti,

Marahaba. Mama hajambo. Naandika nimelala chali, na kalamu ikitazama juu wino haushuki, kwa hiyo usihesabu maneno.

Huyo kijana wa ofisini kwenu nimempenda. Mwambie aje hivyo hivyo na njiti zake. Hakuna aliyemtaka awe simba. Watu walimtaka awepo.

Kama hawezi kuja, basi afanye jambo moja. Ampigie mama simu amwambie, kwa mdomo wake, "Mama, sitaweza kukushusha, kubali fundi akubebe." Maneno hayo tu. Fundi yuko tayari, bado anauliza. Nikiyasema mimi ni wivu. Akiyasema daktari, daktari hajaona picha. Ni yeye peke yake anayeweza kuyasema yakaaminika. Na ayaseme kabla ya Jumatatu ya tarehe tisa.

"Imekataliwa" na "nadhani imekataliwa" ni mambo mawili, mdogo wangu. Wewe ndiye uliyesoma.

Usiniulize habari ya mgongo.

Dada yako


Tarehe 4 Juni

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Nilianza barua hii mara kadhaa, na kila mara nilifika kwenye salamu za mama nikasimama.

Nimeshika simu, dada. Nimeishika mpaka ikawa na joto. Namba ya mama iko ya kwanza. Nikifikiria atakavyopokea, "Ehee, mwanangu wa mabega!", kama anavyosema siku hizi, kidole kinakataa. Ningeweza kumwambia habari yoyote nyingine. Hata kwamba nimefukuzwa kazi ningemwambia.

Nikafikiria njia bora zaidi. Nimerudi kwa mpiga picha yuleyule.

Ile picha ya kwanza lazima nikueleze ilivyopigwa. Ili misuli ionekane, mtu hanywi maji tangu jana yake, ngozi ikauke na kushika nyama. Kisha unapakwa mafuta, unanyanyua vyuma haraka haraka mpaka mishipa itoke, taa inawekwa ubavuni, na unaambiwa shusha pumzi, usiiachie. Alipomaliza kupiga nilikaa chini sakafuni, nikaona giza, Kifua akanipa maji kwenye kifuniko cha chupa kama ndege. Sijawahi kuwa dhaifu kama nilivyokuwa saa ile. Ndiyo saa anayoitazama mama kila asubuhi.

Safari hii nilimwambia mpiga picha, "Nipige mzima, tangu kichwani hadi kwenye viatu."

Akasema, "Kaka, nakushauri kama rafiki. Juu unauza, chini unaharibu biashara."

"Nipige hivyo hivyo. Na kaptura."

"Kaptura! Basi jina langu usiliweke nyuma ya picha."

Imo ndani ya bahasha. Nilipoiona nilitaka kuichana. Ni kama mtu mwingine amepandishwa juu ya magoti yangu ya darasa la tano. Mwonyeshe mama kabla ya Jumatatu. Hakuna haja ya kusema neno. Ataelewa, atakubali fundi, na mimi sitakuwa nimelazimika kumsikia akinyamaza.

Nimeiandikia anwani ya kazini kwako, kama ulivyoelekeza, ili usiipate mbele yake ghafla. Naituma leo hii. Natumaini itawahi.

Mdogo wako,
Kijiti


Tarehe 29 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama anakusalimu, au tuseme hajakataa nilipomwambia nakuandikia.

Barua yako niliipokea tarehe 16. Ilikaa kazini siku kadhaa, kwa sababu mimi sikuwapo kazini. Wewe ni karani wa masijala. Kazi yako ni kupokea barua na kuzigonga tarehe. Hakuna mtu katika ukoo wetu anayejua vizuri kuliko wewe barua inachukua muda gani kufika huku.

Jumapili ya tarehe nane nilikupigia. Simu iliita mpaka ikachoka.

Jumatatu mama aliamka kabla yangu. Aliniomba lile gauni la kijani, akataka nimchane nywele, akataka mkoba wake mapajani. Akaketi kitandani akitazama mlango. Nilikuwa nimemwambia kwamba hujapata likizo. Akasema, "Umemwambia wewe asije. Atakuja. Anapenda kushtukiza watu, tangu mdogo." Gari la hospitali likapiga honi chini. Fundi bomba alikuwa amesimama mlangoni amenawa mikono, amevaa shati safi. Mama akamwambia, "Bado kidogo, baba. Huenda yuko kwenye ngazi." Honi ikapigwa tena.

Nikainama mbele yake mimi. Nikamwambia, "Mama, panda, mimi si mtu baki." Akapanda, kwa kuwa alinionea huruma, sikujua wakati ule. Nimenyanyua shuka mbichi tangu nina miaka kumi na minane. Nilidhani mwili unaofanya kazi hauwezi kukusaliti. Nilisimama nusu. Kisha kitu kikalia kiunoni kama uzi unaokatwa kwa meno, na miguu yangu nikawa siihisi.

Fundi alimdaka mama. Mimi alinikuta sakafuni. Kwa hiyo mtu aliyeshushwa ngazi mgongoni siku ile na kupandishwa gari la hospitali ni mimi. Kona anaijua vizuri, hakunigonga popote. Mama alibaki juu na mkoba wake.

Mtaalamu alipiga simu saa sita. Nafasi ilichukuliwa na mwingine. Ameliweka jina la mama mwisho wa foleni, lakini alisema kwa sauti ya chini kwamba mguu ukikaa muda mrefu namna hiyo, hata zamu ikifika, hatakuwa na cha kuamsha.

Kazini wamenipa kiti. Nakunja vitambaa vya mezani. Kuinama siruhusiwi, na shuka nazitazama zikipita mikononi mwa wengine. Fundi na mkewe wanapanda asubuhi na jioni kumgeuza mama.

Sasa nikwambie habari ya picha. Niliipeleka nyumbani nikamkabidhi bila neno, kama ulivyotaka. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akaanza kucheka, Kijiti. Alicheka mpaka machozi, hajacheka hivyo tangu augue. "Huyu ndiye! Huyu ndiye wangu! Tazama magoti, kama vifundo vya muwa. Na mimi nilikuwa nikijiuliza, huyu wa ukutani nimemzaa lini?"

Nikacheka naye. Nilidhani kumbe mambo yamekwisha vizuri.

Akaishusha picha mapajani. Akatazama mlango, akatazama miguu yako, akasema, si kwangu: "Basi asingenishusha."

Baada ya hapo ameniambia niitoe ile ya kwanza ukutani. Na akaniambia nimwite fundi. Fundi alipokuja akamwambia, "Baba, nimekubali. Nibebe." Fundi akanitazama. Mimi nikatazama dirishani. Hakuna aliyekuwa na mahali pa kumpeleka.

Dada yako


Tarehe 20 Julai

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kiti walichokupa kina egemeo. Mimi ni mzima wa mwili.

Barua yako niligongewa tarehe na Kifua, kwa sababu mimi sikuweza kushika muhuri. Niliisoma hapo hapo dirishani, na watu wakaniacha, hata waliokuwa wakali. Labda walidhani mtu wa kifua hiki akilia basi kuna jambo kubwa. Tarishi alikuja akasimama karibu nami bila kufanya mzaha wowote. Mzaha wake ungenisaidia.

Jimu sijaenda. Si kwamba nimeamua. Nafika mlangoni, nasikia vyuma, nageuka. Mwili umeanza kushuka, mashati yananilegea mabegani, na jana mtu mmoja dirishani amepandisha sauti tena. Bango la mbele wamelibadilisha. Ni mwanamume mwingine, mpana zaidi, naye amekatwa palepale.

Juzi nilimwingia mkuu wa masijala, nikamwomba likizo. Alitia saini bila kuvua miwani wala kuuliza ni ya nini. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchovya kalamu. Nilibaki nimesimama pale mbele yake hata akaniuliza kama kuna kingine.

Nitafika Ijumaa ya wiki ijayo. Usimwambie mama, maana akiambiwa atataka kuvaa gauni la kijani. Mwambie tu fundi nisimkute kwenye ngazi, sitajua niseme nini mbele yake. Nikifika kwenye ile kona nitakuwa nimechoka, nitasimama kidogo karibu na baiskeli, kisha nitapanda. Nitaweza. Safari hii sina mtu mgongoni.

Mdogo wako,
Kijiti